SOMO LA AFYA: KUPIMWA KOO, MAMBO YA KUTARAJIA

Somo letu la afya katika toleo hili linahusu koo. Tumelichagua kwa sababu katika ziara zetu, kuanzia Dongobesh hadi Basotu, tunakutana na jambo moja linalojirudia. Mtu ana miezi kadhaa hamezi vizuri. Zahanati imeshamwandikia barua ya rufaa, lakini barua imekunjwa ndani ya Biblia au ipo chini ya godoro. Ukimwuliza sababu, nauli anaitaja, ila si ya kwanza. Ya kwanza ni hii: "Wataniingiza bomba kooni, nitakosa pumzi nife."

Hofu hiyo haifai kuchekwa. Mtu yeyote mwenye akili timamu huogopa kitu kinachoingia kooni. Lakini tumeona kwamba anayeelezwa mapema kitakachofanyika, kwa lugha anayoielewa na kwa mtu anayemwamini, mara nyingi huenda. Ndiyo maana somo hili tunalielekeza kwa kamati. Mzee wa kanisa au mama wa idara ya wanawake huingia nyumba ambazo daktari hazifikii.

Kwa nini tusisubiri

Nyuma ya kinywa zipo njia mbili. Ya mbele hupeleka hewa mapafuni, na hapo ndipo ilipo sauti. Ya nyuma huitwa umio, nayo ni bomba laini la misuli lenye urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, linalopeleka chakula tumboni. Watu wetu hutumia neno "koo" kwa zote mbili, na ndiyo sababu wanaposema "kansa ya koo" mara nyingi wanamaanisha saratani ya umio.

Saratani hiyo ni miongoni mwa zinazoongoza Tanzania, pamoja na ya shingo ya kizazi, ya matiti na ya tezi dume. Wataalamu wanazungumzia ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na kwetu, hadi Malawi na Afrika Kusini, ambako ugonjwa huu ni mwingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Katika Hospitali ya Tenwek, wilayani Bomet huko Kenya, wameandikishwa hata vijana wasiofika miaka 30. Kwa hiyo mtu asiseme huu ni ugonjwa wa wazee.

Visababishi bado vinachunguzwa. Vinavyotajwa ni tumbaku, ya kuvuta na ya ugoro, pombe kali na pombe za kienyeji, kinywa kisichosafishwa, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Mwaka uliotangulia, watafiti waliopima chai inayonywewa mkoani Kilimanjaro walikuta watu wanaanza kuinywa ikiwa karibu nyuzi 70, na chai ya maziwa ndiyo iliyonywewa ikiwa moto zaidi. Sisi tunaoishi kwenye baridi ya Mbulu tunajua jinsi kikombe kinavyopokelewa mwezi wa Julai. Hatuwaambii watu waache chai. Tunawaambia waiache ipoe hadi iweze kunyweka bila kupuliza.

Jambo baya la ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa huuzoea. Kwanza nyama inakwama, anaacha nyama. Kisha ugali mkavu unakwama, anaongeza mchuzi. Baadaye ni uji tu, halafu maziwa, na mwisho hata mate yanarudi. Katika kila hatua familia inasema "siku hizi anapenda uji", na miezi inapita. Umio hutanuka vizuri, hivyo mtu anapoanza kuhisi tonge linakwama, njia imeshabanwa sana. Anayefika hospitali akiwa kwenye hatua ya nyama ana nafasi ambazo anayefika kwenye hatua ya maziwa hana tena.

Hata hivyo, si kila kukwama ni saratani, na hili lisemwe kwa sauti katika vikao vyetu. Asidi ya tumbo inayopanda kwa miaka mingi huacha makovu yanayobana njia, na kovu linaweza kutanuliwa. Kuna misuli ya umio inayokataa kulegea. Kuna utando mweupe wa fangasi, hasa kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, unaotibika kwa vidonge. Kuna waliowahi kumeza magadi makali ya kutengenezea sabuni. Yote haya humfanya mtu ashindwe kumeza, na bila kupima hakuna anayeweza kuyatofautisha, awe nesi, mchungaji au mganga wa kienyeji.

Kipimo cha kwanza: kijiti, tochi na kioo

Kazi huanza kwa maswali. Shida ilianza lini? Vinavyokwama ni vyakula vikavu, au hata maji? Uzito umepungua? Sauti imekwaruza kwa zaidi ya wiki tatu? Kuna kikohozi cha wiki mbili au zaidi? Hapo tabibu atafikiria kifua kikuu na kuagiza makohozi. Atauliza pia juu ya pombe na tumbaku. Wazee wetu wengine hujibu swali hili kwa kuangalia kama mchungaji yupo karibu. Tunaomba anayemsindikiza mgonjwa atoke nje kidogo wakati huo, ili ukweli usemwe.

Kisha mtabibu atabonyeza ulimi kwa kijiti na kumulika kwa tochi. Mgonjwa husema "aaa". Kutaka kutapika ni kawaida, na hudumu sekunde chache. Shingo hupapaswa kutafuta tezi zilizovimba. Haya yote zahanati yoyote inaweza kuyafanya.

Kama tatizo ni sauti, mtaalamu wa masikio, pua na koo anaweza kutumia kioo kidogo chenye mpini kilichopashwa moto kidogo ili kisipate ukungu. Wanakwaya wetu watafurahi kujua kwamba mtu aliyetumia vioo mwaka 1854 kuona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi hakuwa daktari. Alikuwa Manuel García, mwalimu wa uimbaji. Siku hizi wengi hutumia kamera nyembamba inayopita puani. Pua hupuliziwa dawa ya ganzi, mgonjwa hukaa kwenye kiti akiwa macho, na huombwa kusema au kuimba sauti moja. Machozi hutoka, lakini kwa kawaida kazi huisha ndani ya dakika chache.

Wengine hupewa kipimo cha bariamu. Mgonjwa hunywa kinywaji cheupe kizito kama chokaa huku anapigwa eksirei, na picha huonyesha mahali panapobana. Hakuna kinachoingizwa. Choo huwa cheupe kwa siku moja au mbili, basi anywe maji ya kutosha na asishtuke.

Kipimo kinachoogopwa: kamera ya umio

Hiki ndicho kinachoitwa endoskopi, na hapa tutakaa kidogo.

Mrija wenyewe ni laini, unapinda kama kamba, na ni mwembamba kuliko kidole kidogo cha mtu mzima. Tonge la ugali tunalomeza kila siku ni nene kuliko mrija huo. Kwenye ncha yake kuna taa na kamera, na picha huonekana kwenye skrini. Mrija laini wa aina hii uliletwa na daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 1957 akiwa Marekani. Kabla ya kumpitishia mgonjwa, aliupitisha kooni kwake mwenyewe.

Siku ya kwenda, mgonjwa asile kitu tangu usiku wa manane, kwa sababu tumbo lenye chakula huficha ugonjwa na huweza kumfanya atapike chakula kikaingia mapafuni. Yule ambaye chakula kinakwama sana anaweza kuambiwa anywe vimiminika tu kwa siku nzima kabla ya hapo. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za moyo au za kuzuia damu kuganda, mjamzito, na mwenye mzio wa dawa yoyote aseme mapema wakati wa kupewa tarehe, asisubiri asubuhi ya kipimo. Meno ya bandia yanavuliwa, na jino linalocheza litajwe.

Atapewa fomu ya ridhaa. Asiyesoma asomewe, na ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Kisha koo hupuliziwa dawa chungu ya ganzi. Baada ya muda mfupi atahisi kama koo limevimba na kwamba hawezi kumeza mate. Wengi hutishika hapa kuliko sehemu nyingine yoyote, na kumbe ni ganzi tu, koo halijavimba. Hospitali nyingine huongeza sindano ya kutuliza inayoleta usingizi mwepesi.

Analala ubavu wa kushoto. Kibanio huwekwa kidoleni kupima mapigo na oksijeni. Kipande cha plastiki chenye tundu huwekwa kati ya meno, ili asiung'ate mrija. Daktari anaupeleka nyuma ya ulimi na kumwambia "meza". Akimeza, mrija unapita. Huo ndio wakati mgumu wa kipimo chote, nao ni wa sekunde chache tu. Baada ya hapo ni kupumua taratibu kwa pua na kuacha mate yatiririke kwenye kitambaa bila kujaribu kuyameza.

Je, atakosa pumzi? Hapana. Mrija unapita kwenye njia ya chakula, na njia ya hewa inabaki wazi mbele yake. Kinachofanya mtu ahisi anakabwa ni koo kukataa kitu kigeni, na hali hiyo hupungua akitulia. Hewa huingizwa ili umio na tumbo vifunguke, hivyo atajisikia amejaa na atacheua. Kucheua hapo si aibu. Kipimo chenyewe huchukua kama dakika 5 hadi 15.

Daktari akiona sehemu ya kutilia shaka, atachukua kinyama kidogo, mara nyingi vipande kadhaa vidogo kuliko punje ya mtama. Hakiumi. Mtaani inasemekana kukata kinyama "kunaamsha kansa". Si kweli. Bila kinyama hakuna daktari anayeweza kuthibitisha ugonjwa wala kupanga tiba.

Jambo moja kwa sharika zetu hasa. Wapo wazee na akina mama wengi, Wairaqw na Wadatoga, ambao Kiswahili chao ni kidogo. Chumba cha kipimo si mahali pa kujifunza lugha. Msindikizaji amfundishe mgonjwa nyumbani maneno matatu tu, "meza", "pumua" na "tulia", na wakubaliane na nesi kwamba mgonjwa akiinua mkono maana yake anaomba wasimame kidogo. Tumeambiwa na waliopimwa kwamba kujua wanaweza kuinua mkono kuliwasaidia kuliko ahadi yoyote.

Baada ya kipimo

Asile wala kunywa mpaka ganzi iishe, karibu saa moja, na aanze na maji kidogo yasiyo ya moto. Koo linaweza kuuma siku moja. Aliyechomwa sindano ya usingizi asiendeshe pikipiki hadi kesho yake, asitie sahihi hati yoyote, na kama ni siku ya mnada, asiuze ng'ombe. Tunasema hivyo kwa utani, lakini tunamaanisha: dawa ile hufanya mtu aongee na kukubali mambo asiyoyakumbuka jioni.

Madhara makubwa, kama umio kutoboka au kutoa damu nyingi, ni nadra. Hata hivyo yapo, na huongezeka kidogo pale njia inapotanuliwa. Maumivu makali ya kifua au tumbo, kutapika damu, choo cheusi kama lami, homa au kushindwa kupumua ni sababu ya kurudi hospitali usiku huohuo, si kesho.

Alichokiona daktari kwa kamera husemwa siku hiyohiyo. Majibu ya kinyama ni jambo lingine. Lazima kihifadhiwe kwenye dawa, kikatwe vipande vyembamba na kusomwa kwa hadubini na daktari bingwa, na mabingwa hao ni wachache na wapo hospitali kubwa. Ni siku kadhaa, wakati mwingine wiki. Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Mgonjwa amerudi nyumbani, simu haina mtandao, mvua imeharibu barabara, na karatasi ya majibu inakaa kwenye droo. Mjumbe mmoja wa kamati aandike tarehe ya majibu kwenye daftari lake na kuifuatilia kama anavyofuatilia ahadi za ujenzi.

Ikiwa ni saratani, njia hazifungwi. Iliyogunduliwa mapema inaweza kufanyiwa upasuaji. Nyingine hupelekwa KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road Dar es Salaam kwa mionzi na dawa. Ambaye hawezi kuponywa anaweza kuwekewa bomba la wavu wa chuma linalofungua njia ili ameze chakula laini. Mtu aliyeshindwa kumeza mate akaweza tena kunywa uji na wajukuu zake amepata kitu kikubwa, hata kama miezi yake imehesabiwa. Tiba shufaa nayo ipo. Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi.

Kuhusu watoto

Mtoto hupimwa akiwa amepakatwa na mama, mikono imeshikwa, kijiti kimeingia na kutoka. Atalia, na akilia koo huonekana vizuri zaidi. Koo linalouma na homa lisipuuzwe. Bakteria wa mafindofindo wasipotibiwa wanaweza baadaye kuleta ugonjwa unaoharibu vali za moyo, na penisilini ya bei ndogo ingeuzuia.

Kuna jambo la kukata kimeo. Bado kuna wanaoamini kwamba mtoto anayekohoa au kutapika ana kimeo kirefu, naye hupelekwa kwa mkataji mwenye wembe. Watoto wamevuja damu nyingi, wamepata pepopunda na maambukizi mengine kwa njia hiyo, na kikohozi kimebaki palepale, kwa sababu chanzo kilikuwa nimonia au ugonjwa mwingine wa kifua. Bibi anayependekeza jambo hili anampenda mjukuu wake. Basi tuzungumze naye kwa heshima, lakini mtoto apelekwe zahanati.

Mambo mawili hayasubiri. Mtoto mwenye homa anayedondosha mate, anayeinama mbele na kupumua kwa kelele, msimfungue kinywa kwa nguvu nyumbani. Mkimbizeni hospitali akiwa ameketi. Na mtoto aliyemeza betri ndogo ya mviringo ya saa au ya mdoli anaweza kuungua umio ndani ya saa mbili.

Kazi ya kamati, na neno kwa wafadhili

Hospitali ya Kilutheri Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na inayomilikiwa na Dayosisi yetu ya Mbulu, ndiyo mlango wa rufaa ulio karibu kwa wengi wetu, wa Mbulu na wa Hanang. Kabla mgonjwa hajaondoka, kamati ipige simu na kuuliza mambo matatu: kipimo kinafanywa siku gani, mtaalamu na mashine vipo wiki hiyo, na gharama ni kiasi gani kwa mwenye bima na asiye nayo. Safari ya bure ya mtu mwenye njaa huua moyo wa kijiji kizima. Tumeona mgonjwa mmoja akirudi bila kupimwa, na watatu waliokuwa nyuma yake wakaghairi.

Wafadhili wetu hupenda kuuliza mashine ipi inahitajika. Swali ni jema, lakini mashine peke yake haitoshi. Kamera ya umio lazima isuguliwe kwa brashi na kulowekwa kwenye dawa maalumu baada ya kila mgonjwa, na ndiyo maana foleni huenda polepole. Inahitaji umeme usiokatika, nesi aliyefunzwa, dawa za kusafishia kila mwezi na fundi. Upande wa kijijini, kinachohitajika ni nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi mara mbili: kwa kipimo, na kwa majibu. Fedha ya namna hiyo haipigwi picha ikikabidhiwa, ila bila hiyo barua ya rufaa inarudi chini ya godoro.

Tunaomba kila kamati, katika kikao chake kijacho, ijibu maswali haya kwa maandishi na kuyatuma ofisini kwetu kupitia kwa mchungaji. Katika mitaa yenu, nani amebadilisha chakula mwaka huu, kutoka ugali hadi uji, na hakuna aliyemwuliza kwa nini? Nani anaweza kuongozana naye anayejua lugha yake? Na fedha ya safari hizo mbili itatoka mfuko gani kabla mvua hazijaanza?